MAMBO YA NYUMBANI: Bata Mzinga Warukao Ua

Mwezi uliopita tulisema habari za kuhifadhi mbegu za kunde zisiharibiwe na wadudu, na kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kuzipanda, habari ya mwezi huu imekuja kwa wakati wake, maana yahusu ndege apendaye sana miche michanga.

Mwalimu mmoja wa shule iliyo milimani ametuletea barua. Asema kwamba alinunua bata mzinga watano, dume mmoja na majike wanne, kusudi wamsaidie katika karo ya mtoto wake. Akawajengea ua wa fito, kimo chake futi nne. Siku ya tatu aliporudi kutoka shuleni akawakuta wote watano juu ya paa la jirani. Auliza: je, awauze? Awafunge kamba? Au aongeze ua? Na chini kabisa ya barua yake ameandika maneno machache, ambayo ndiyo yaliyotufanya tumjibu hapa mbele ya wasomaji wote wala si kwa barua ya faragha. Asema kwamba jirani yule sasa hamwitikii salamu.

Barua hii ilituchoma, kwa kuwa sisi nasi tumepata kukosa kosa hilo hilo.

Miaka kadha wa kadha imepita tangu tulipoanza kufuga ndege hawa. Jirani yetu wakati ule alikuwa mama mjane, mwenye kitalu cha kabichi nyuma ya nyumba yake. Jike wetu mmoja akaruka ua, akaokota miche kama ishirini. Tukaenda kumwomba radhi, naye akacheka akasema kwamba ndege hana akili. Tukarudi nyumbani tumeridhika, tusifanye neno lolote. Juma la pili wakaruka watatu. Safari hiyo hatukuwapo nyumbani, tukakuta ndege wamekwisha kurudishwa uani na mlango umefungwa vema, tusijue nani aliyewarudisha. Yule mama hakusema. Ila siku ya Meza ya Bwana hakuonekana kanisani, na mwezi wa pili vile vile hakuonekana. Sisi tulikwenda mezani, tukala, tukanywa, tukidhani kwamba yeye ni mgonjwa. Hata uji tukampelekea. Ndipo mzee mmoja wa kanisa alipotuambia kwa sauti ya chini kwamba mama yule aona vibaya kukaribia meza na hasira moyoni, na hasira hiyo ni juu yetu. Na ule uji aliupokea kwa adabu, akaumwaga. Kabichi zile ndizo zilizokuwa zinunue sare za shule za wajukuu wake wawili.

Mtu asomaye Mathayo 5:23-24 kwa uangalifu ataona ni nani aambiwaye aache sadaka yake madhabahuni aende kupatana kwanza. Ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Basi aliyepaswa kukaa nje si yule mama, ni sisi. Na hatukukaa, kwa sababu hatukuuliza.

Tena iko sheria ya kale katika Kutoka 21:29, habari za ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe. Hapo Torati yapambanua sana kati ya mwenye ng'ombe ambaye hakujua tabia ya mnyama wake, na yule aliyekwisha kuonywa asimzuie. Twaona kwamba bata mzinga arukaye mara ya kwanza ni kama ng'ombe wa yule wa kwanza. Arukapo mara ya pili, maneno ya kwamba ndege hana akili hayatufai tena, maana akili iliyotakiwa ni ya mwenye ndege.

Sasa tuseme habari za ndege mwenyewe, maana asiyejua kwa nini anaruka atajenga ua mrefu bure.

Bata mzinga asili yake si kwetu wala si Ulaya. Ni ndege wa Marekani ya Kaskazini, na watu wa Meksiko walikwisha kumfuga zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Wahispania walimpeleka kwao miaka ya mwanzo ya karne ya 16, na kutoka huko akaenea. Ajabu yake ni hii, kwamba Waingereza walimwita kwa jina la nchi ya Uturuki, na Waturuki wenyewe humwita kwa jina la Uhindi, na Wareno humwita kwa jina la Peru. Kila mmoja adhani ametoka kwa mwenziwe. Huko porini kwao hata leo hushinda chini mchana kutwa akitafuta mbegu na wadudu, lakini jua likitua hupanda mtini kulala, kwa kuogopa wanyama. Hawezi kuruka mbali kama njiwa. Nguvu zake ni za ghafula: huinuka kwa kishindo, huenda kasi kwa kitambo kidogo, kisha huchoka. Ua wa futi nne kwake ni kitu kidogo sana.

Lakini si wote walio sawa. Wale weupe wenye vifua vipana, wafugwao kwa wingi katika mashamba makubwa kwa ajili ya nyama, wakiisha kukomaa ni wazito mno, wala hawawezi kuinuka juu. Wengi wafugwao vijijini mwetu, weusi na wenye rangi ya shaba, ni wepesi. Na katika hao majike huruka kuliko madume, na wachanga kuliko wazee. Makinda huanza kujaribu mabawa wakiwa na majuma mawili tu.

Na zipo sababu zinazowasukuma. Ya kwanza ni usingizi. Jioni ifikapo hutafuta mahali pa juu pa kulala, na ikiwa ndani ya ua hapana mahali pa juu, basi huona paa la jirani. Twamwambia mwalimu wetu kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kwake, maana aliwakuta darini jioni. Ya pili ni njaa, na hasa njaa ya majani mabichi. Ya tatu ni jike anayetaka kutaga, ambaye hujitenga na wenziwe akatafuta kichaka cha siri. Huyu ataruka hata ukimshibisha. Ya nne ni hofu, kama mbwa akiingia uani au watoto wakiwakimbiza. Na mara nyingine mmoja huvuka kwa ajali, na wenzake humfuata kwa sababu hawapendi kutengana.

Kwa hiyo dawa ya kwanza si ua. Dawa ya kwanza ni mahali pa kulala. Chukua mti mnene kama mkono wa mtu mzima, uupare magamba, uulaze juu ya nguzo mbili ndani ya banda, au katikati ya ua mbali na fito. Kimo chake kiwe futi tatu hivi. Wakiwa wepesi waweza kuongeza, bali madume wazito wasilale juu sana, maana wakishuka asubuhi huumia miguu na kifua. Kila ndege apewe nafasi ya shibiri mbili. Siku chache za kwanza uwapandishe kwa mikono jua linapotua, na wakiisha kuzoea watapanda wenyewe. Usiku banda lifungwe, kwa ajili ya kanu na paka mwitu, na pengine kwa ajili ya binadamu.

Dawa ya pili ni chakula. Wapewe asubuhi kabla ya kufunguliwa, na mchana watundikiwe tita la mchicha au majani ya kabichi penye kimo cha kichwa chao, wapate kazi ya kudonoa. Makinda huhitaji chakula chenye kujenga mwili kuliko vifaranga wa kuku. Mafundi husema sehemu kama 28 katika 100 iwe protini. Ndiyo maana wakinyimwa dagaa, maharagwe yaliyopikwa na mfano wa hayo, hutangatanga kutafuta panzi. Na jike afikapo miezi saba au minane atengenezewe kiota mapema, katika pembe yenye giza kidogo, penye nyasi kavu. Ukimtengenezea baada ya kuanza kutaga kwa jirani, umechelewa. Naye huatamia siku 28, si 21 kama kuku. Tusije tukamwondoa juu ya mayai kwa kudhani yameharibika, kama wengine walivyofanya.

Kisha tuje kwenye ua. Watu wengi hudhani kwamba bata mzinga huruka juu ya ua kwa mruko mmoja. Si hivyo mara nyingi. Huutazama ukingo wa juu, huruka mpaka pale, husimama, hutazama huku na huku kama mzee wa baraza, kisha hushuka upande wa pili. Basi kinachomsaidia kuvuka ni ule mti tunaoulaza juu ya ua kwa kuupendezesha. Tulipouondoa mti wa juu katika ua wetu, tukaacha ncha za fito zimesimama wazi bila usawa, miruko ilipungua siku ile ile. Wenye wavu wa waya wauache sehemu ya juu ulegee bila kukazwa juu ya ubao. Kimo kiwe futi sita. Wenye ua wa minyaa wana heri, maana matawi yake ni membamba, hayamwezi ndege mzito. Ila watoto waonywe habari za utomvu wake, usiingie machoni.

Tena kando ya ua pasiwe na kitu cha kupandia. Sisi tuliinua ua mpaka futi sita, tukasahau rundo la kuni. Siku mbili tulistaajabu.

Na ikiwa ndege amekwisha kuvuka, mtu asimfukuze kwa kelele. Bata mzinga akivuka hana wazo la kuruka tena kurudi. Atatembea kando ya ua huku na huku, akiwaona wenzake asijue awafikieje. Afunguliwe mlango, aongozwe polepole kwa fimbo ndefu iliyonyoshwa upande, naye ataingia.

Yote hayo yakifanyika na bado wako wanaoruka, ndipo ukate manyoya ya bawa. Tutaieleza kazi hii kwa urefu, maana tumeona ikifanywa vibaya, na mara moja tumeona ndege akifa kwa kutokwa damu mikononi mwa kijana mwenye nia njema.

Kazi hii hutaka watu wawili, na wakati wake ni jioni, jua limepoa na ndege wametulia. Mmoja ampakate ndege, mabawa yakiwa yamebanwa kifuani pake na miguu imeshikwa. Asimwinue kwa bawa moja kamwe. Wa pili avute bawa moja taratibu mpaka litanuke kama upepeo. Hapo ataona manyoya kumi marefu yaliyo kwenye ncha ya bawa, na juu yake safu ya manyoya mafupi yanayofunika mashina yao. Hayo kumi ndiyo yanayomwinua. Ayatazame moja moja kwa upande wa chini, kwenye mwanga. Unyoya uliokomaa una shina jeupe, kavu, lenye uwazi ndani. Kuukata hakuumi, ni kama kukata ukucha. Unyoya unaoota bado una shina la rangi ya buluu au nyeusi, laini, maana limejaa damu. Huo usikatwe, uachwe mpaka ukomae. Akiisha kuhakikisha, akate kwa mkasi mkali mbele kidogo ya ile safu ya manyoya mafupi, asikaribie nyama. Ikiwa kwa bahati mbaya damu yatoka, apake unga wa muhogo, abane kwa kitambaa safi, asimwachilie ndege mpaka damu imekoma.

Bawa moja tu likatwe. Wako wanaokata yote mawili kwa kudhani kwamba kazi imekuwa kamili, lakini ndege aliyekatwa sawasawa pande mbili bado hujiinua kidogo na kupanda. Aliyekatwa upande mmoja hulemea upande, akaanguka, akaacha kujaribu.

Na kazi hii si ya mara moja. Mkubwa hubadili manyoya kila mwaka, na mapya humrudishia uwezo wake wote. Makinda hubadili mara kadha katika miezi ya kwanza, kwa hiyo watazamwe kila mwezi. Yule asiye na banda la kufunga usiku asikate kabisa, maana amemnyima ndege silaha yake ya pekee dhidi ya mnyama mkali.

Twasikia kwamba wako wanaokata kiungo chenyewe cha ncha ya bawa, ili manyoya yasiote tena milele, na wengine hufunga miguu miwili kwa kamba fupi hata ngozi ikachubuka. Sisi twayakataa hayo yote mawili. Msomaji aitazame Mithali 12:10 nyumbani kwake pamoja na watoto, kisha ajiulize kama kuokoa dakika kumi za mkasi kwa mwaka kunatosha kuwa sababu.

Liko jambo jingine linalotufanya tusipuuze ua, nalo ni ugonjwa. Kuku wa jirani waweza kuonekana wazima kabisa, kumbe wamebeba tumboni kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachoharibu ini na utumbo wa bata mzinga. Mtaalamu Theobald Smith wa Marekani alikieleza mwaka 1895, na mwaka 1920 ikaonyeshwa kwamba husafiri ndani ya mayai ya mnyoo mdogo wa kuku. Mayai hayo hukaa udongoni miaka, na nyungunyungu nao huyabeba. Bata mzinga akidonoa pale walipokunya kuku, amekwisha kuyameza. Utamwona amelegeza mabawa, hali, na kinyesi chake ni cha manjano kama kiberiti. Na kundi zima laweza kuisha. Huko Marekani dawa ya mwisho iliyoruhusiwa kuuzuia iliondolewa mwishoni mwa mwaka 2015, kwa ajili ya aseniki iliyomo. Basi kinga ni kutowachanganya: ua wao uwe mbali na wa kuku, na usijengwe mahali kuku walipokaa zamani. Twajua kwamba kina mama wengi humpa kuku mayai ya bata mzinga ayaatamie. Hatuwalaumu, maana kuku ni mlezi hodari. Lakini makinda wakiisha kutoka waondolewe kwake upesi, walelewe penye joto mahali pasipokanyagwa na kuku.

Tumrudie mwalimu wetu. Asiwauze. Dume mmoja na majike wanne ni mwanzo mzuri, na karo ya mtoto si jambo la kudharau. Aanze na mti wa kulalia leo hii, aondoe ule mti wa juu wa ua wake, kisha aongeze fito zifike futi sita kadiri apatavyo nafasi. Jike yule anayewaongoza wenziwe, maana daima yuko mmoja, amkate bawa jioni moja akisaidiwa na mkewe.

Lakini kabla ya mkasi aende kwa jirani. Asimtume mtoto, wala asiende na uji. Aende mwenyewe, aulize kilichoharibika ni nini na kiasi gani, na akiambiwa asibishane juu ya hesabu. Paa la nyasi likichakurwa na ndege watano huvuja mvua ya kwanza. Pengine jirani yule amekaa siku nyingi akitazama mawingu. Mwalimu anao wanafunzi wakubwa. Lakini nyasi azikate yeye, na ngazi aipande yeye.

Sisi tulinunua miche, tukaipanda kwa mikono yetu katika kitalu cha yule mama, naye akakaa kibarazani akitutazama asiseme neno. Tukamwonyesha ua mpya. Akautikisa kwa mkono, akauliza habari za rundo la kuni, ambalo sisi hatukuliona. Mwezi uliofuata hakuja bado mezani, nasi tukakaa nje pamoja naye. Mwezi wa baada yake alikuja, na baada ya ibada akatuuliza kama tunayo mayai ya kumwuzia.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutawajibu wale wawili waliouliza habari za moshi jikoni na macho ya watoto. Wenye maswali mengine watuandikie kabla ya tarehe 15, na tafadhali mwandike kwa wino, maana barua moja ya mwezi huu ilinyeshewa njiani, tusiweze kusoma ila jina la ng'ombe.